Pesa yako inakwenda wapi? Jinsi ya kuandika matumizi ya kila siku ukiishi Kawempe

Asubuhi ulitoka nyumbani na shilingi 40,000. Ulipita soko la Kalerwe, ukapanda teksi, ukampa mtoto pesa ya kalamu, ukanunua mkaa njiani. Jioni unahesabu na zimebaki 6,000. Unajaribu kukumbuka kitu kikubwa ulichonunua na hukioni. Kesho yake mambo ni yale yale, na mwisho wa mwezi mwenye nyumba anapiga simu.

Makala haya yanaeleza jinsi ya kufuatilia pesa inayoingia na inayotoka kwa kutumia daftari na kalamu tu. Yameandikwa kwa wakimbizi na wenyeji wanaoishi Kawempe: Bwaise, Kyebando, Kazo, Kanyanya, Mpererwe na mitaa ya jirani. Hata hivyo, njia hii inaweza kumfaa mtu yeyote, awe mjini au kwenye makazi ya wakimbizi. Bei tunazotaja kwenye mifano ni za mfano tu. Wewe weka bei za mtaa wako.

KWA NINI UANDIKE?

Sheria ya Wakimbizi ya Uganda ya mwaka 2006 inampa mkimbizi haki ya kufanya kazi na kutembea nchini. Ndiyo maana wengi wetu tuko Kampala. Lakini mkimbizi anayechagua kuishi mjini kwa kawaida hapati mgao wa chakula wala pesa ya kila mwezi. Anatarajiwa kujitegemea. Hapa Kawempe kila kitu kinalipiwa: chumba, maji, mkaa, umeme, hata choo ukiwa sokoni. Jirani yako Mganda analipia vitu hivyo hivyo.

Shida kubwa kwa wengi ni hii: pesa inaingia kwa siku, lakini malipo makubwa yanakuja kwa mwezi au kwa muhula. Anayeuza mboga, anayefua nguo, anayebeba matofali, anayeshona, wote wanapata kidogo leo, zaidi kesho, na siku nyingine hawapati kitu. Kodi ya nyumba haijali kwamba mvua ilinyesha wiki nzima na Bwaise ikajaa maji.

Jambo hili limechunguzwa. Mwaka 2012 hadi 2013, watafiti nchini Kenya walifuatilia familia karibu 300 zenye kipato kidogo. Walizitembelea kila baada ya wiki mbili kwa muda wa mwaka mmoja, wakiandika pesa iliyoingia na iliyotoka. Uchunguzi kama huo ulikuwa umefanyika kabla yake Bangladesh, India na Afrika Kusini. Kote ilionekana kwamba udogo wa kipato ni sehemu tu ya tatizo. Kipato hicho pia hakina mpangilio, na mtu hajui kitakuja lini.

Tuseme ukweli: daftari haliongezi pesa. Kama kipato chako ni kidogo, kitabaki kidogo hata ukiandika vizuri namna gani. Faida yake ni kwamba unajua mapema. Mtu anayejua tarehe 8 kwamba kodi haitatimia ana wiki tatu za kutafuta kazi ya ziada, kupunguza kitu fulani, au kwenda kuzungumza na mwenye nyumba. Anayegundua tarehe 30 ana usiku mmoja tu, na mara nyingi usiku huo unamfikisha kwa mkopeshaji wa riba kubwa.

JINSI YA KUANZA

Hatua ya 1: Nunua daftari dogo la shule. Liwe la kazi hii peke yake. Ukichanganya na namba za simu na hesabu za watoto, utalipoteza.

Hatua ya 2: Chora mistari upate sehemu nne kwenye ukurasa: tarehe, pesa iliyoingia, pesa iliyotoka, na pesa iliyobaki. Kwenye sehemu ya pesa iliyotoka acha nafasi kubwa, kwa sababu hapo ndipo utaandika zaidi.

Hatua ya 3: Andika siku hiyo hiyo. Usiseme utaandika Jumapili. Baada ya siku mbili, shilingi 500 ya chapati na 1,000 ya bodaboda zimeshatoka kichwani. Kama huwezi kubeba daftari, andika kwenye simu au kwenye karatasi, kisha nakili jioni.

Hatua ya 4: Kila usiku hesabu pesa uliyo nayo mkononi na iliyo kwenye simu. Linganisha na daftari. Kama daftari linasema zibaki 9,000 na una 7,500, usibuni kitu ili hesabu zikubali. Andika "haijulikani 1,500". Wiki ya kwanza hizo "haijulikani" zitakuwa nyingi. Zitapungua kadiri unavyozoea.

Hatua ya 5: Kila mwisho wa wiki jumlisha matumizi kwa mafungu. Mafungu haya yanawatosha watu wengi:

- Chakula
- Mkaa na umeme
- Maji
- Kodi ya nyumba
- Usafiri
- Simu na intaneti
- Shule
- Afya
- Msaada kwa ndugu, michango na misiba
- Kulipa madeni
- Biashara

Mwezi wa kwanza usibadilishe chochote. Andika tu. Mtu anayeanza kujibana siku ya kwanza huchoka baada ya siku tano na daftari linaishia chini ya kitanda.

MFANO: MAMA ANAYEKAANGA SAMBUSA

Tumetunga mfano huu ili kuonyesha jinsi daftari linavyofanya kazi. Mama mmoja anakaanga sambusa Bwaise. Anaishi na watoto watatu na kaka yake kwenye muzigo wa kodi ya shilingi 150,000 kwa mwezi. Anafanya kazi siku 6 kwa wiki, Jumapili anapumzika. Jumatatu tarehe 6 ameandika hivi:

Iliyoingia:
- Mauzo ya sambusa: 31,000

Iliyotoka kwa biashara:
- Unga, nyama, mafuta na mkaa wa kukaangia: 17,000

Iliyotoka kwa nyumba:
- Posho na maharage: 5,500
- Mkaa wa kupikia: 2,000
- Maji, jerikeni 4: 800
- Nyanya na vitunguu: 1,500
- Bando la intaneti: 1,000
- Mandazi na soda ya watoto: 1,500
- Jumla ya nyumba: 12,300

Iliyobaki: 1,700

Kabla ya kuandika, mama huyu alikuwa akisema anapata 31,000 kwa siku. Sasa anaona kwamba 17,000 kati ya hizo ni pesa ya sambusa za kesho. Faida yake ni 14,000. Nyumba inakula 12,300. Anabaki na 1,700.

Sasa tuchukue mwezi wa siku 30 wenye Jumapili 4, siku zote zikifanana. Siku 26 za kazi mara 1,700 ni 44,200. Lakini Jumapili hauzi na watoto wanakula. Jumapili 4 mara 12,300 ni 49,200. Hiyo ina maana kwamba hata kabla ya kodi amepungukiwa na 5,000.

Kwa hiyo kodi yote ya 150,000, pamoja na hizo 5,000, haiwezi kutoka kwenye sambusa. Lazima itoke kwa kaka yake, ambaye ni kibarua kwenye majengo. Kama kaka analipwa 20,000 kwa siku, 155,000 ni sawa na siku 8 za kazi yake. Zamani mama alikuwa akimwambia, "Kaka, tusaidie kidogo kwenye kodi." Sasa anaweza kumwambia, "Kaka, mwezi huu tunahitaji siku 8 za kazi yako kwa ajili ya nyumba." Ni ombi lenye hesabu, na kaka anaweza kujibu kama ataweza au hataweza. Wakifika tarehe 15 na kaka amepata siku 2 tu za kazi, wote wawili wanajua kwamba ni wakati wa kwenda kwa mwenye nyumba na sehemu ya pesa mkononi.

Baada ya mwezi mmoja mama anaweza kuangalia nini kinaweza kubadilika. Mkaa wa 2,000 kila siku ni 60,000 kwa mwezi. Kama gunia ni 120,000, na majirani watatu wakilinunua pamoja, kila mmoja anatoa 40,000. Ikiwa fungu lake linamtosha mwezi mzima, ameokoa 20,000, yaani siku moja ya kazi ya kaka. Ikiwa halitoshi, daftari litamwonyesha, na atarudi kwenye njia yake ya zamani.

Mandazi na soda ya watoto inafika 45,000 kwa mwezi. Je, aiondoe? Hilo ni lake kuamua. Labda ndicho kifungua kinywa chao. Daftari linakuonyesha bei ya uamuzi wako, halikulazimishi kuamua namna fulani.

PESA NDOGO ZINAZOSAHAULIKA

Mchele hatusahau kuuandika. Vitu vifuatavyo tunavisahau.

Makato ya pesa za simu. Ukitoa pesa kwa wakala, unakatwa ada ya kampuni na pia kodi ya serikali. Kodi hiyo ilianza Julai 2018 kwa asilimia 1 ya kila muamala. Watu walilalamika sana, na mwaka huo huo ikapunguzwa ikawa asilimia 0.5 kwa kutoa pesa tu. Ukitoa 200,000, kodi hiyo peke yake ni 1,000, kabla ya ada. Ada inapangwa kwa madaraja ya kiasi, kwa hiyo kutoa 10,000 mara tano kunaweza kukugharimu zaidi ya kutoa 50,000 mara moja. Angalia bango la bei kwa wakala kabla ya kutoa. Ujumbe unaoingia kwenye simu baada ya kila muamala unaonyesha kiasi ulichokatwa. Nakili makato hayo kwenye daftari, kisha usiufute ujumbe mpaka umeandika.

Salio na bando. Wengi tunanunua bando la siku kwa sababu ndilo tunaloliweza siku hiyo. Kumbuka kodi ya mitandao ya kijamii iliyoanza Uganda tarehe 1 Julai 2018. Ilikuwa shilingi 200 tu kwa siku, lakini aliyelipa kila siku alitoa 73,000 kwa mwaka. Kodi hiyo iliondolewa mwaka 2021 na nafasi yake ikachukuliwa na kodi ya asilimia 12 kwenye bando la intaneti, ambayo huioni kwa sababu imo ndani ya bei. Andika kila bando kwa wiki mbili, kisha linganisha jumla yake na bei ya bando la wiki au la mwezi.

Umeme. Watu wengi wananunua uniti za Yaka kidogo kidogo. Mita ya nyumbani hupewa uniti 15 za kwanza za mwezi kwa bei ya chini kuliko zinazofuata. Kama wapangaji sita mnatumia mita moja, uniti hizo 15 ni zenu nyote. Andika tarehe, pesa uliyotoa na uniti mlizopata. Siku jirani akisema hujachangia, utakuwa na jibu.

Usafiri. Nauli ya teksi kwenye Bombo Road hupanda mvua ikinyesha na jioni watu wakiwa wengi. Ukiandika kwa mwezi, utajua nauli yako halisi. Ile unayoitaja ukiulizwa mara nyingi ni nauli ya siku nzuri.

Ndugu na michango. Ndugu anapiga simu kutoka Bukavu, Bujumbura au Nakivale. Kuna msiba, kuna mgonjwa, kuna harusi. Hatusemi uache kutoa, maana leo kwao, kesho kwako. Andika tu, ili ujue unaweza kutoa kiasi gani bila watoto wako kulala njaa.

TENGA PESA YA KODI NA SHULE KILA WIKI

Usingoje mwisho wa mwezi uone kilichobaki. Gawa deni kubwa liwe vipande vidogo. Kodi ya 150,000 ukiigawa kwa siku 26 za kazi ni karibu 5,800 kwa siku. Ada ya shule ya 180,000 ukiigawa kwa wiki 12 ni 15,000 kwa wiki. Mwaka wa shule Uganda una mihula mitatu, kwa hiyo ukimaliza kulipa muhula mmoja, anza kuweka wa pili wiki hiyo hiyo.

Kila ulipapo kodi, andika tarehe na kiasi, kisha umwombe mwenye nyumba risiti au sahihi kwenye daftari lako. Sheria ya Wenye Nyumba na Wapangaji ya mwaka 2022 inataka mkataba wa maandishi pale kodi inapofika shilingi 500,000 au zaidi. Mizigo mingi ya Kawempe ni chini ya hapo, na watu hukubaliana kwa mdomo. Mkigombana, sahihi hiyo au ujumbe wa malipo kwenye simu ndio ushahidi wako.

UKURASA WA MADENI

Tenga kurasa za mwisho za daftari kwa ajili ya madeni. Gawa pande mbili: ninaodaiwa nao na ninaowadai. Andika jina, tarehe, kitu, kiasi, na kila malipo yanayofanyika.

Mwenye duka anayekukopesha sabuni na sukari ana daftari lake. Na wewe uwe na lako. Kila Jumamosi linganisheni. Si kwamba humwamini. Mnasaidiana kukumbuka, na urafiki wenu unadumu.

Kuhusu wakopeshaji, zingatia mambo haya:

- Uganda ina sheria ya mwaka 2016 kuhusu taasisi ndogo za fedha na wakopeshaji. Mkopeshaji anatakiwa kuwa na leseni ya mamlaka inayoitwa UMRA. Omba kuiona.
- Mwaka 2024 serikali iliweka kikomo cha riba kwa wakopeshaji kuwa asilimia 2.8 kwa mwezi. Kwa mkopo wa 100,000 hiyo ni 2,800. Mtu anayekudai asilimia 20 kwa mwezi anataka 20,000 kwa mkopo huo huo.
- Usimwachie mtu kitambulisho chako cha mkimbizi, barua ya familia, kadi ya benki wala namba ya siri ya simu kama dhamana. Bila kitambulisho au barua hiyo huwezi hata kusajili laini mpya ya simu.
- Kabla ya kukopa, andika kwenye daftari utalipa kutoka wapi na tarehe gani. Kama huwezi kuandika jibu, mkopo huo utakuumiza.

KAMA UNA BIASHARA NDOGO

Pesa ya biashara na pesa ya nyumba zisikae mfuko mmoja. Tumia mifuko miwili, mikebe miwili au laini mbili za simu. Watoto wakila mtaji leo, kesho hakuna cha kuuza. Wewe mwenyewe ukichukua sambusa mbili au kitenge kimoja kutoka kwenye biashara yako, andika kama matumizi ya nyumba. Andika pia vitu vilivyoharibika, vilivyoibiwa na ulivyouza kwa mkopo. Mauzo ya mkopo si pesa iliyoingia mpaka umelipwa.

KIKUNDI CHA AKIBA

Wakongomani wana likelemba, Wasomali wana hagbad, Waethiopia wana equb, wanawake wa Kampala wana nigiina, Wakenya wana chama. Wazo ni moja: kila mtu anatoa kiasi fulani na fungu linazunguka, au linawekwa na kukopeshwa. Vikundi vingine vinatumia sanduku lenye kufuli tatu, na funguo zinashikwa na watu watatu tofauti.

Daftari lako linakusaidia hapa pia. Kabla ya kujiunga, angalia wiki zako nne zilizopita. Kama wiki mbaya kabisa uliweza kubakiza 5,000, usijiunge na kikundi cha 20,000 kwa wiki kwa sababu tu rafiki zako wamo. Ukishindwa kulipa katikati, unavunja mzunguko wa wenzako. Na kila ukitoa mchango, uandikwe kwenye kitabu cha kikundi na kwenye daftari lako.

ZUNGUMZENI NYUMBANI

Daftari la mtu mmoja kwenye nyumba ya watu wazima watatu ni nusu ya ukweli. Chagueni siku moja kwa wiki, dakika 20 baada ya kula, msome pamoja. Ongeeni kuhusu pesa iliyopita kwa ajili ya kupanga wiki inayokuja, si kwa ajili ya kulaumiana. Watoto wakubwa wakae pia. Mtoto anayejua kodi ni kiasi gani huelewa kwa nini viatu vinangoja mwezi ujao.

Kwa nyumba nyingine jambo hili si rahisi. Kama mwenzako anakunyang'anya pesa uliyoipata, anakukataza kufanya kazi, au anakupiga kwa sababu ya matumizi, huo ni ukatili na una haki ya kuomba msaada. Usimwonyeshe daftari kama kufanya hivyo kunakuhatarisha. Namba ya kupiga iko mwisho wa makala haya.

MASWALI AMBAYO WATU HUULIZA

Sijui kuandika. Nifanye nini?

Mwombe mtoto anayesoma akuandikie jioni, wewe ukitaja. Au chora alama: samaki kwa chakula, tone kwa maji, moto kwa mkaa, kisha chora mstari mmoja kwa kila shilingi 1,000. Unaweza pia kurekodi sauti yako kwenye simu. Njia nyingine ni mikebe: mmoja wa kodi, mmoja wa shule, mmoja wa chakula. Mkebe wa chakula ukiisha Alhamisi, umeshajua hali ya wiki.

Kuna siku sipati chochote. Niandike nini?

Andika sifuri. Siku za sifuri ni habari muhimu. Baada ya miezi mitatu utaona zinakuja lini: msimu wa mvua, shule zinapofunguliwa na wateja hawana pesa, au katikati ya mwezi. Utajiandaa.

Nimeacha kuandika wiki nzima. Nianze upya?

Ruka ukurasa, andika pesa uliyo nayo leo, endelea. Usijaribu kukumbuka wiki nzima.

Je, nitumie programu ya simu badala ya daftari?

Ukipenda. Lakini simu huisha chaji, huibwa, na programu nyingine hutumia bando. Kama unaandika kwenye simu, nakili jumla ya kila wiki kwenye karatasi.

Ninaishi kwenye makazi, si Kampala. Inanihusu?

Ndiyo. Tangu Julai 2023, WFP hugawa msaada kwenye makazi kwa madaraja kulingana na uhitaji, na si kila familia inapata sawa. Andika unachopokea na siku kilipoisha. Utajua ni siku ngapi za mwezi unazopaswa kuzitafutia mwenyewe.

USALAMA WA DAFTARI

Usiandike namba yako ya siri ya pesa za simu. Usiandike mahali unapoficha pesa. Usimwonyeshe mtu usiyemjua. Mtu akikupigia akisema umeshinda zawadi au umetumiwa pesa kwa makosa, angalia salio lako mwenyewe kwanza na ulinganishe na daftari kabla ya kurudisha chochote. Kama Bwaise au mahali unapoishi hufurika, funga daftari kwenye kaveera na uliweke juu pamoja na hati zako.

UKIHITAJI MSAADA

Mkimbizi yeyote nchini Uganda anaweza kupiga simu bila malipo kwa namba 0800 323232 kuuliza maswali, kutoa malalamiko au kuomba kuelekezwa kwenye huduma, pamoja na huduma za ukatili wa nyumbani. Kama una tatizo na mwenye nyumba au jirani, anza kwa mwenyekiti wa LC1 wa mtaa wako na uende na daftari lako. Hili ni kweli kwa wakimbizi na wenyeji.

Leo jioni, kabla ya kulala, hesabu pesa iliyo mfukoni na kwenye simu. Andika tarehe na kiasi hicho kwenye ukurasa wa kwanza. Kesho asubuhi endelea kutoka hapo.